Kichwa kimegongwa, picha ‘haina kitu’: Arudi uwanjani?

JUNI mjini Iringa baridi inauma masikio, lakini ndondo haijawahi kusubiri joto. Jumapili jioni vijana wa Mlandege wanaingia uwanjani, kona inachongwa, wawili wanaruka kuufuata mpira na vichwa vyao vinagongana. Mlio unasikika hadi kwa wauza karanga. Mmoja anainuka. Mwingine anabaki chini.

Kinachofuata kila shabiki wa mpira wa mtaani anakijua. Maji ya baridi yanamwagwa kichwani, kocha anakimbia, na yule jamaa ambaye siku zote hujipa udaktari ananyoosha vidole: “Hivi vingapi?” Akijibu viwili, makofi, anarudi kucheza. Familia ikiwa na wasiwasi inampeleka hospitali, anapigwa picha ya kichwa, majibu yanatoka: picha haina kitu. Wiki inayofuata yupo namba tisa kama kawaida. Kijiweni maneno hayo yana nguvu kuliko leseni ya mchezaji.

Ni maneno mazuri, na mara nyingi ni ya kweli. Shida ni namna yanavyoeleweka. Picha ya kichwa haipigi akili, wala haipigi fahamu. Na hata ile mashine kali inayosemwa kuwa “inaona ubongo ukifanya kazi” haioni kile ambacho wengi wanadhani inakiona.

Fainali bila kujua ni fainali

Julai 13, 2014, Maracana, Rio de Janeiro. Ujerumani na Argentina. Sami Khedira anaumia wakati wa kupasha misuli, na Christoph Kramer anaambiwa dakika za mwisho kwamba ndiye anayeanza fainali ya Kombe la Dunia. Dakika ya 17 kichwa chake kinakutana na bega la beki Ezequiel Garay, anadondoka. Anatibiwa, anasimama, anaendelea. Anakimbia, anapokea pasi, anatoa pasi.

Kisha anamfuata mwamuzi Nicola Rizzoli na kumuuliza kama ile ndiyo fainali. Rizzoli alisimulia baadaye kwamba alidhani kijana anatania, akamwambia arudie. Akarudia. Mwamuzi akaenda kumwambia Bastian Schweinsteiger, na dakika ya 31 Kramer akatolewa, Andre Schürrle akaingia.

Dakika 14 mtu yupo ndani ya fainali ya dunia na hajui ni fainali. Miguu ilikuwa inajua kazi yake. Mwenye miguu ndiye hakuwepo. Na kama angeulizwa vidole vingapi, inawezekana kabisa angejibu vizuri tu.

Kisa cha Kramer kinaonyesha kwa nini CT-Scan peke yake haitoshi. Mashine hiyo siku hizi haiko Dar es Salaam tu. Fedha za mkopo wa UVIKO-19, ule wa Sh1.3 trilioni wa mwaka 2021, zilinunua CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa. Lakini CT inatumia mionzi kuangalia umbo: mfupa umepasuka? Damu imevujia ndani? Ubongo umevimba? Hayo ni mambo ya kufa na kupona, na hayataki kusubiri. Ryan Mason wa Hull City aligongana kichwa na Gary Cahill wa Chelsea Januari 2017, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji, na Februari 2018 akastaafu akiwa na miaka 26. Jeraha la namna hiyo CT inaliona.

Mtikisiko wa ubongo ni habari nyingine. Ubongo unasukwasukwa ndani ya fuvu, seli zinavutwa, chumvi zilizotakiwa kukaa ndani ya seli zinatoka na za nje zinaingia. Seli zinahitaji nguvu nyingi ghafla ili kurudisha mambo sawa, na wakati huohuo damu inayoleta nguvu hiyo inapungua. Ni kama nyumba ambayo kuta zote zimesimama, bati halijatoka, lakini ndani umeme unakatikakatika. Ukiipiga picha kwa nje utasema haina tatizo, na hutakuwa umedanganya.

Ubongo wa Neymar

Sasa si kuna mashine inayoona huo umeme wa ndani? Vijiweni utaambiwa ipo. Ni MRI, ile inayoonyesha ubongo una madoa mekundu na ya njano. Mbona hata Neymar alipimwa!

Ni kweli alipimwa. Watafiti wa Japan, Eiichi Naito na Satoshi Hirose, walimlaza Neymar ndani ya MRI na kumwambia azungushe kifundo cha mguu. Wakawapima pia wanasoka wengine wa kulipwa, waogeleaji wa kiwango cha juu na mchezaji mmoja wa ridhaa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Shabiki angetarajia kichwa cha Neymar kiwake kama taa za Uwanja wa Mkapa. Ikawa kinyume. Eneo linaloendesha mguu lilionyesha doa dogo kuliko la wenzake. Vyombo vya habari viliripoti kwamba lilikuwa chini ya asilimia 10 ukilinganisha na mchezaji wa ridhaa.

Maelezo ya watafiti ni kwamba miaka ya mazoezi imemfanya atumie kidogo kufanya kile ambacho mwenzake anakitolea jasho. Inaingia akilini. Fundi wa kushona hafikirii sindano, anayejifunza ndiye anaikodolea macho. Ila huyo ni mtu mmoja, na kuzungusha kifundo ukiwa umelala si chenga ya Neymar. Cha kubaki nacho ni kwamba doa dogo halikumaanisha uwezo mdogo. Basi lile doa ni kitu gani?

Kreti za maji nje ya Samora

Simama nje ya Uwanja wa Samora siku Lipuli inacheza. Uwanjani huoni. Unachoona ni vijana wanaobeba kreti za maji kuingia nazo. Wakianza kukimbilia jukwaa la upande mmoja, unajua huko kuna jambo, watu wamepiga kelele mpaka koo zimekauka. Hujui ni goli, penalti au ngumi. Hujui wanashangilia au wanamzomea mshika kibendera. Unajua tu huko maji yanahitajika.

MRI ya aina hiyo, inayoitwa fMRI, ndiyo wewe pale getini. Haioni seli zikipeana ujumbe. Inaona damu. Ubongo ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yake, na akiba yake ni kiduchu mno. Seli zikifanya kazi, mishipa ya jirani inapanuka na kuleta damu yenye oksijeni, tena, kama wale wauza maji wa Samora, inaleta kuliko kinachonyweka. Damu yenye oksijeni na ile iliyoishiwa hazifanani mbele ya sumaku, na mashine inasoma tofauti hiyo. Mjapani Seiji Ogawa ndiye aliyeonyesha njia hii mwaka 1990 akiwa Marekani. Wekundu na unjano vinapakwa na kompyuta baadaye. Ndani ya kichwa hakuna kinachowaka.

Halafu kuna suala la kasi. Seli ya ubongo inarusha ujumbe kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Damu inafika kilele baada ya sekunde tano au sita. Penalti iliyogongwa vizuri inatumia kama nusu sekunde kufika golini. Kwa hiyo kipa ameamua, ameruka, ameokota mpira wavuni na ameshaanza kuwafokea mabeki wake, ndipo damu ya uamuzi ule inafika kilele.

Na kijisanduku kimoja cha picha hiyo, cha milimita tatu kila upande, kina seli za neva mamia ya maelfu. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000. Jaza viwanja kadhaa vya aina hiyo, halafu wote wahesabiwe kama mtu mmoja mwenye kauli moja.

Uhusiano upo, usije ukadhani damu inajiendea tu. Mwaka 2001 Nikos Logothetis na wenzake nchini Ujerumani waliweka vipimo vya umeme ndani ya ubongo wa kima huku MRI ikipiga picha wakati huohuo. Damu ilifuatana na umeme kweli. Lakini ilifuata zaidi ujumbe unaoingia mahali na kuchakatwa hapo kuliko ule unaotoka kwenda kwingine. Kwa lugha ya uwanjani, mashine inasikia zaidi wachezaji wanaoitana na benchi linalopiga kelele kuliko inavyoiona pasi yenyewe.

Ukikosa umakini, mashine hii inakupa hata goli la maiti. Mwaka 2009 Mmarekani Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na “kumuuliza” watu wale wanajisikiaje. Samaki alikuwa amekufa. Picha ikatoka na doa jekundu kichwani mwake. Mashine haikuharibika. Ukikagua maelfu ya vijisanduku bila kusahihisha hesabu zako, vichache lazima vitaonyesha kitu kwa bahati tu, kama ambavyo VAR ingekagua kila mguso wa dakika 90 isingekosa penalti. Samaki yule aliwapa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2012, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Tenisi ya kichwani

Mashine hiyohiyo iliyomwona samaki mfu ndiyo iliyomwona mtu aliyedhaniwa hayupo.

Mwanamke wa miaka 23 huko Uingereza alipata ajali ya barabarani Julai 2005. Miezi ilipita. Macho yalikuwa yanafunguka na kufumba, lakini ukimwita hageuki, ukimwambia abane mkono habani. Kwa vipimo vyote vya kitandani fahamu hazikuwepo. Adrian Owen na wenzake wakamwingiza kwenye fMRI na kumwambia: fikiria unacheza tenisi. Damu ikakimbilia eneo linalopanga mwendo wa mwili na kukaa huko sekunde 30, mpaka alipoambiwa apumzike. Akaambiwa afikirie anatembea ndani ya nyumba yake, vyumba kwa vyumba. Damu ikahamia kwingine, sawasawa na ya watu wazima wasio na ugonjwa. Hiyo ilichapishwa mwaka 2006.

Hapa ule uzito wa damu haukuwa tatizo. Sekunde 30 za kufikiria tenisi zinatosha kwa kreti kufika jukwaani. Na hakuna aliyehitaji kusoma mawazo yake neno kwa neno. Ilitosha kuona kwamba alisikia agizo, akalielewa, akaamua kulifuata.

Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza na Ubelgiji wakatoa majibu ya wagonjwa 54, na watano waliweza kubadilisha damu ya ubongo kwa kuambiwa. Mmoja wao akafanya la ajabu zaidi. Alijibu maswali ya familia yake: tenisi kwa ndiyo, nyumba kwa hapana.

Utafiti mkubwa wa mwaka 2024 ulikuwa na watu 241 ambao kitandani hawakuitikia agizo lolote. Kwa fMRI au kwa vipimo vya umeme wa kichwani, 60 walionyesha kwamba walikuwa wanafuata maagizo. Mmoja kati ya wanne. Yeyote mwenye ndugu aliyewahi kulazwa ICU baada ya ajali ya bodaboda ana haki ya kuisoma namba hiyo mara mbili.

Lakini utafiti huohuo una upande wa pili ambao haukupata vichwa vya habari. Miongoni mwa wagonjwa ambao waliweza kuitikia kitandani, wale ambao kila mtu aliona wana fahamu, ni asilimia 38 tu walioonyesha alama hiyo kwenye mashine. Waliobaki walikuwepo, wanasikia, wanafuata agizo, na vipimo havikuwaona. Alama ikionekana, unaweza kusema mtu yupo. Isipoonekana, huwezi kusema hayupo.

Mkeka wa Bremen

Fahamu zenyewe zinatengenezwaje? Hapo wataalamu waliwekeana mkeka. Mwaka 1998 mjini Bremen, Ujerumani, mwanasayansi wa ubongo Christof Koch alimwekea dau mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 itajulikana wazi ni nini ndani ya ubongo kinachozaa fahamu. Juni 2023 mjini New York Koch akakubali yaishe na kumlipa mwenzake mvinyo. Mkeka wa miaka 25 umechanika, na mashine zote hizo zipo.

Bremen si jina geni kwa mtu wa Iringa. Katika jumba la makumbusho la mji huo ndiko Gavana Edward Twining alikolichagua fuvu la Mtwa Mkwawa, kati ya mafuvu mengi, kwa sababu vipimo vyake vililingana na vya ndugu zake. Likakabidhiwa Kalenga Juni 19, 1954. Wakati Mkwawa anafariki, mwaka 1898, kulikuwa na wasomi Ulaya walioamini kwamba ukipima fuvu la mtu kwa rula unajua akili ya kabila lake. Waliandika vitabu na kupewa heshima. Wahehe wana sababu yao ya kutomwamini haraka mtu anayesema amekijua kichwa kwa kukipima kwa nje.

Sasa kijana yule wa Mlandege

Mtu anaweza kusema basi apelekwe fMRI tumalize. MRI zipo nchini, kwa mfano MOI Dar es Salaam na Benjamin Mkapa Dodoma, na zinafanya kazi kubwa ya kutafuta uvimbe na majeraha ambayo CT inayapita. Lakini kuamua kama mchezaji arudi uwanjani, hata Ulaya fMRI haitumiki. Mtikisiko unavuruga pia ule uhusiano wa seli na mishipa ya damu. Wauza maji wenyewe wanakuwa wamechanganyikiwa: kreti zinaweza kuchelewa, zikaenda jukwaa lisilo na watu. Ukizihesabu hapo unapata hesabu, ila hujui ni ya nini.

Ndiyo maana mtikisiko unatambuliwa kwa kumuuliza mtu, kumwangalia macho, usawa wa mwili na kumbukumbu. Loris Karius, aliyechekwa dunia nzima baada ya fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Mei 26, 2018 pale Kyiv, alipimwa siku chache baadaye Boston, Marekani. Madaktari wakasema alipata mtikisiko wakati wa mechi, na huenda uliathiri namna anavyoona vitu. Vijiwe vingi havikuamini. Walitaka picha.

Kuna na deni la muda mrefu ambalo mashine bado haisomi vizuri. Jeff Astle, mfungaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa vichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59. Ugonjwa uliomla ulithibitishwa kwa kuuchunguza ubongo wake baada ya kifo, na mpaka leo hakuna njia nyingine ya kuuthibitisha. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walifuatilia wanasoka wa zamani 7,676 wa Scotland wakakuta uwezekano wao wa kufa kwa magonjwa ya ubongo kuchakaa ni mara 3.5 ya watu wengine. Wengi wa hao kichwa chao “hakikuwa na kitu” siku walizocheza.

Soka limesogea kidogo. Baada ya sakata la Kramer, mwamuzi aliruhusiwa kusimamisha mechi hadi dakika tatu ili daktari ampime mchezaji. Mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyegongwa kichwa yalianza kujaribiwa Januari 2021, na tangu Julai 2024 yamo ndani ya sheria za mchezo kwa mashindano yanayoamua kuyatumia. Ndondo haina daktari, haina dakika tatu, na mara nyingi wa benchi ni mmoja ambaye kiatu chake kimeazimwa.

Ina mdomo lakini. Mwaka 1995 Mwaustralia David Maddocks na wenzake walichapisha maswali ambayo mpaka leo yanatumika pembeni ya uwanja, na hayahitaji sumaku wala umeme. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Goli la mwisho nani kafunga? Wiki iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Akikosea hata moja, anatoka. Akijibu yote lakini anayumba, anatapika, kichwa kinamgonga au macho yanamwuma kwa mwanga, anatoka vilevile, na harudi siku hiyo hata kama timu iko nyuma kwa goli moja na zimebaki dakika tano. Akizidi kusinzia au kutapika usiku, ni hospitali moja kwa moja, na hapo CT inapata kazi yake halisi ya kutafuta damu iliyovuja.

Vidole viwili havimo kwenye orodha hiyo. Kramer, pale Maracana, alikuwa tayari ameanza kuuliza mwenyewe maswali ambayo mtu mwingine alipaswa kumuuliza yeye.